Kipito cha Barafu Nilichokivuka Darasani

Kwa muda wa miaka thelathini na tisa, mji wa Kamina ulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuvuka kwa miguu kipito cha barafu, yaani njia ya kati ya vilele iliyofunikwa na barafu, katika milima ya Ruwenzori, na mtu huyo nilikuwa mimi, Abner Kasanda, mwalimu wa jiografia. Jambo hilo lilijulikana stesheni, lilijulikana sokoni, na lilijulikana katika kanisa letu la Wamethodisti, ambako mchungaji alilitumia mara mbili katika mahubiri juu ya uvumilivu. Lilikuwa na kasoro moja tu: halikutokea.

Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio kitu pekee katika habari hii ambacho sikukidanganya.

Nilifundisha miaka thelathini na sita katika shule moja ya sekondari iliyoko nyuma ya stesheni. Nchi yetu ni tambarare. Ukiondoa tangi la maji la reli, vitu virefu tulivyo navyo ni vichuguu. Kumweleza mtoto wa Kamina kwamba kuna mahali, karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambapo barafu imelala juu ya mlima mwaka mzima na kuteremka polepole kama mto, ni kazi inayohitaji chaki nyingi. Wanafunzi wangu waliijua barafu ya masanduku ya samaki, ile inayofika ikiwa nusu maji na inayonuka.

Siku ya Jumanne, mwezi wa pili mwaka 1986, nilikuwa nikitoa somo hilo, na nyuma ya darasa alikuwa ameketi mkaguzi wa shule, Bwana Nkongolo, daftari lake likiwa juu ya magoti. Fishi yangu ya maandalizi, yaani ile karatasi ambayo mwalimu huandika somo lake hatua kwa hatua kabla ya kulitoa, ilikuwa imepigwa mistari kwa rula. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, Mira Kalunga, ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, aliponyoosha kidole.

"Mwalimu, weye uliiona?"

Kalamu ya mkaguzi ilisimama hewani. Darasa zima liligeuka na kunitazama. Jibu sahihi lilikuwa na silabi tatu, nami nililifahamu. Nikasema: "Ndiyo."

Tena, kwa kuwa mwalimu mwema haachi jibu bila mfano, nikaongeza: "Niliivuka. Likizo kubwa ya mwaka 1978."

Mkaguzi aliandika katika ripoti yake kwamba mwalimu anafundisha kutokana na uzoefu wake binafsi, akatia sahihi, akapiga muhuri, ripoti yake na fishi yangu pia. Baada ya muhuri ule, sikuwa tena na uwezo wa kutoivuka.

Kila mwaka somo lilirudi, na kila mwaka wanafunzi wapya walikuwa wamekwisha kusikia habari kutoka kwa dada na kaka zao, kwa hiyo walidai nyongeza. Nikawapa. Nikawapa kamba kiunoni, nikawapa mbeba mizigo aliyelia, nikawapa sauti ya barafu wakati wa adhuhuri, ambayo nilisema inafanana na mama anayevunja mihogo mikavu. Baridi pia haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1986 ilikuwa digrii mbili chini ya sifuri. Nilipostaafu ilikuwa imefika kumi na tisa. Kila mahali duniani joto lilikuwa likipanda, isipokuwa katika darasa langu.

Mwenezi mkuu wa habari hizi alikuwa rafiki yangu Zacharie, dereva mstaafu wa treni. Zacharie hakuwahi kuwa mwanafunzi wangu, lakini aliisimulia safari yangu vizuri kuliko mimi. Treni zetu huchelewa, wakati mwingine siku mbili, wakati mwingine zaidi, na abiria wanaongoja wanahitaji kitu cha kusikiliza. Mara nyingine nilipita stesheni nikasikia mambo niliyoyatenda mlimani ambayo sikuwa na habari nayo.

Mambo yangeweza kuishia hapo, nami ningezikwa na barafu yangu kwa heshima. Lakini mwezi wa tatu mwaka huu simu yangu ililia.

"Mwalimu? Njo Mira, mutoto ya Papa Kalunga wa reli."

"Mira! Uko wapi sasa?"

"Niko Lubumbashi, nafundisha ku université. Mambo ya maji na barafu, Mwalimu. Weye njo ulinitia mu ile kazi."

Nilifurahi, kwa kuwa furaha ya mwalimu haina akili. Akaendelea.

"Mwezi wa saba tunapanda Ruwenzori, tuko bantu sita. Tutapitia upande wa Uganda, sababu upande wetu unayua mambo ya vita. Tutavuka kipito. Kilekile chako."

"Kilekile changu," nikasema.

"Tunataka kupima barafu imerudi nyuma namna gani. Iko picha za zamani sana, iko za sasa. Lakini ya kile kipito, miaka ya sabini, hatuna kintu. Hatuna picha, hatuna muntu. Tuko na shahidi moja tu."

Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu ambaye kweli hajui, shahidi huyo ni nani.

"Mwalimu! Si ni weye?"

Alihitaji vitu viwili. Kwanza, nimwekee katika ramani mstari wa mahali barafu ilipoishia mwezi wa saba mwaka 1978. Mstari huo ungeingia katika ripoti yake, na vipimo vyote vingehesabiwa kuanzia pale. Pili, kwa kuwa nilikuwa mtu wa njia ile, nimtayarishie mpango wa kuvuka, siku kwa siku, "kama zile fishi zako, Mwalimu, na mistari yake." Angekuja Kamina kumsalimu mama yake, na Jumamosi baada ya Pasaka tungekutana katika darasa letu la zamani pamoja na wanafunzi wa wakati ule.

Nililielewa jambo hilo vizuri sana. Nikiuchora mstari, namba itazaliwa kutoka katika kinywa changu, nayo itaingia katika kazi ya mtoto niliyemfundisha kupima. Wengine watakuja kuhesabu juu yake. Nisipouchora, Kamina yote itajua. Mtu mwenye akili timamu angesema ukweli palepale, wakati simu bado ina umeme. Mimi nilisema: "Nitatayarisha."

Nikatayarisha. Nilinunua karatasi kubwa, nikazipiga mistari, nikaandika fishi kumi na moja, moja kwa kila siku ya safari. Kwa wasiofahamu kazi yetu, fishi ina nafasi zake: Lengo, Vifaa, Marudio, Kichocheo, Uchambuzi, Muhtasari, Zoezi. Hakuna jambo duniani lisiloweza kuingia katika nafasi hizo, hivyo ndivyo nilivyoamini. Fishi ya siku ya sita nilijivunia kuliko zote. Lengo: *Mwishoni mwa siku hii, msafiri atakuwa na uwezo wa kuvuka mto wa barafu bila kuanguka.* Vifaa: kamba, viatu vya meno ya chuma, miwani myeusi, chai. Zoezi: *Vuka mto wa barafu.*

Habari nilizitoa katika atlasi yangu ya zamani, ambayo ukurasa wake wa milima ulikuwa umeliwa na mchwa upande wa magharibi, na katika simu yangu, kila mtandao uliporuhusu. Nilipima umbali kwa uzi. Niliugawa mlima katika sehemu kumi na moja zinazolingana, kama vile ungegawa kitabu cha masomo kwa majuma ya muhula. Nafasi moja tu ilinishinda, nayo ni Marudio. Hapo mwalimu huandika kile ambacho kimekwisha kuonwa kabla, ambacho somo jipya litasimama juu yake. Katika fishi zote kumi na moja niliiacha tupu, nikijiambia kwamba nitaijaza baadaye kwa wino mzuri.

Zacharie alifika siku ya pili. Alikuwa amevaa kofia yake ya reli, akiwa na rula ya chuma chini ya kwapa.

"Nimesikia tunaenda," akasema.

"Nani tunaenda?"

"Mwalimu, weye uko na miaka sabini na moja. Utashuka kule na nani? Nitakufikisha hata ku mizizi ya mulima." Akainama juu ya karatasi zangu, akasoma kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Iko mubaya hii."

"Wapi?"

"Njia iko ngapi, ku barafu?"

"Moja. Nyembamba. Kamba moja."

"Voilà. Njia moja! Bale banapanda, bale banashuka. Banapishana wapi? Wapi stesheni ya kungojea? Mwalimu, weye utagonganisha bantu!"

Nilimweleza kwamba mlima si reli. Akanijibu kwamba njia moja ni njia moja, iwe ya chuma au ya barafu, na kwamba yeye aliendesha miaka thelathini bila kugongana na mtu. Akaketi, akachora mchoro wa safari kama wanavyochora kule kwao: saa zikienda kulia, umbali ukipanda juu, na kila kundi likiwa mstari unaopanda au kushuka, na mahali mistari inapokutana akaweka duara jekundu na kuandika: *Ngojea hapa.* Nilimshukuru na kuweka mchoro wake chini ya fishi zangu, ambapo nilidhani ndipo mahali pake.

Kisha akauliza juu ya mazoezi, kwa kuwa mji ulikuwa umekwisha kuamua kwamba nitapanda pamoja na Mira, nami sikukanusha. Nyuma ya nyumba yake kuna kichuguu kikubwa, ambacho tulikipima kwa kamba tukapata mita tano na nusu. Kila asubuhi, baada ya uji, nilikipanda mara arobaini nikiwa nimebeba mfuko wa shule wenye matofali mawili, naye Zacharie, ameketi kwenye kiti, akipuliza kipenga wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Majirani walitoka kutazama. Mwendesha pikipiki mmoja alizima mashine yake akauliza kama mzee ametimuliwa nyumbani.

"Anajifunza kutembea!" Zacharie akamjibu.

"Na umri ule? Alikuwa anafanya nini zamani?"

"Alikuwa anafundisha!"

Niliandika hesabu katika daftari. Mita tano na nusu mara arobaini ni mita mia mbili na ishirini kwa siku. Siku ya ishirini na nne, kwa mujibu wa hesabu hiyo, nilikuwa nimepita kilele cha juu kabisa cha Ruwenzori na kuendelea mita mia moja na sabini na moja katika hewa tupu. Nilimwonyesha Zacharie. Tulipeana mikono. Hatukukumbuka, wala mimi wala yeye, kwamba kila safari nilikuwa nimeshuka tena.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa, mke wangu Mathilde alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe. Mathilde ni mtu wa maneno machache, na mimi pia, kwa hiyo nyumba yetu ni nyumba tulivu. Alinitazama nikipaka mafuta magoti yangu.

"Papa Noé," akasema, kwani mtoto wetu wa kwanza ni Noé, "ile vakansi ya soixante-dix-huit, mwaka wa barafu yako."

"Iko nini?"

"Ulikuwa Kinkondja."

Niliendelea kupaka mafuta goti la pili.

"Ulikuwa kwa muyomba wako Kalonji, ku ziwa. Alikupa kazi ya kugeuza samaki mu jua. Ulikuwa unageuza na mukono moja, mukono ingine umeshika kitabu. Samaki ikaoza upande moja yote. Minyi njo nilikuja kukuonyesha namna ya kugeuza."

"Nakumbuka, Mama Noé."

"Sasa minyi nilikuwa nageuza samaki na nani? Weye ulikuwa ku barafu."

Niliweka chini chupa ya mafuta. Nikamwambia kwamba yalikuwa mambo ya darasa tu.

"Njo vile nilisema miaka yote. Nilisema, ni mambo ya masomo, ni kama zile hesabu zenu za muntu ananunua machungwa mia moja na hakule hata moja. Nikanyamaza. Lakini sasa mutoto wa bantu atabeba ile maneno mu mulima, na kamba kiunoni." Akatupa punje iliyooza. "Tena, uyue. Ukiweka barafu ndani ya ile vakansi, Kinkondja njo inatoka. Na Kinkondja ikitoka, minyi natoka nayo."

Akainua ungo wake akaingia ndani. Mimi nilibaki na hesabu yangu ya mita elfu tano mia mbili na themanini. Nilikuwa nimehesabu kila kitu katika uongo ule: baridi, kamba, mbeba mizigo na machozi yake. Sikuwahi hata mara moja kuhesabu ni nini kilichokuwa kimekaa mahali hapo kabla sijaweka barafu.

Usidhani kwamba nilikwenda mara moja kumpigia Mira simu. Mimi si mtu wa haraka. Nilichukua karatasi nyingine, nikaipiga mistari, nikaandaa fishi ya kumi na mbili.

Jumamosi baada ya Pasaka, saa tatu asubuhi, darasa lilijaa. Walikuwa wanafunzi wangu kumi na mmoja wa wakati ule, wengine wakiwa na wajukuu, wamebanana katika madawati waliyokwisha kuyazidi. Zacharie alikaa dawati la mbele, kofia juu ya goti. Salomé, ambaye sasa anaongoza kwaya yetu, alikuwa amenifumia kofia nzito ya sufu yenye masikio, ya buluu na nyeupe, akanivika mwenyewe mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Joto lilikuwa kali. Jasho lilianza kuteremka mashavuni mwangu kwa namna ambayo mto wa barafu hauwezi kamwe.

Mira aliingia wa mwisho. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye miwani, lakini kidole kilikuwa kilekile. Alitandaza ramani juu ya meza yangu, akaweka juu yake karatasi ya plastiki inayoonyesha chini, akanipa penseli iliyochongwa vizuri sana.

"Eyo vidye," akaniinamia kwa heshima ya kwetu. "Mwalimu, weka mustari."

Nilimwomba dakika chache, kwa kuwa nilikuwa na somo dogo kwanza. Wote walifurahi. Nilipanda jukwaani na kufungua fishi ya kumi na mbili. Kichocheo: *dakika tano, kitu halisi.* Nikatia mkono katika mfuko wangu wa shule, ambao siku hiyo haukuwa na matofali, nikatoa samaki mkavu.

"Hiki ni nini?"

"Samaki!" walijibu kwa pamoja, kama ilivyokuwa desturi yetu.

"Anakaushwa wapi?"

"Kinkondja!"

"Vizuri. Anakaushwa namna gani?"

"Juani! Tunamugeuza, tunamugeuza!"

"Vizuri sana. Na mwezi wa saba mwaka 1978, kule Kinkondja, ni nani aliyekuwa akigeuza samaki?"

Hapo kwaya ilikatika. Walitazamana. Salomé alijaribu: "Bavuvi?"

"Mwalimu wenu," nikasema. "Likizo yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Sijafika Ruwenzori. Sijaiona barafu yoyote isipokuwa ile ya masanduku ya samaki. Siku ile Mira aliponiuliza, mkaguzi alikuwa nyuma ya darasa, nami niliona haya kusema hapana. Muhtasari wa somo: nilisema uongo mwaka 1986, na nikaurudia kila mwaka kulingana na programu."

Nzi walikuja kwa ajili ya samaki. Wa kwanza kusema alikuwa Zacharie, naye hakusema nami, alisema na kofia yake.

"Lakini yule mubebaji... Joachim... alilia."

"Zacharie, jina la Joachim uliliweka wewe mwenyewe."

"Njo hivyo. Lilikuwa linamufaa." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maumivu ya kweli. "Mwalimu, nimeeleza ile mambo ku bantu ya treni ngapi! Banayua kule Kananga! Nitabafuata bote?"

Watu walianza kucheka, kwanza nyuma, kisha kote, na mimi pia ningecheka kama Mira angecheka. Hakucheka. Alikuja mpaka jukwaani, akachukua penseli kutoka mkononi mwangu, akarudi mezani akaufungua mkoba wake. Alitoa karatasi ya mradi, ambapo lilikuwa limeandikwa jina langu na maneno *shahidi wa macho*, akayakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni akaandika: *1978: hakuna habari.*

"Pengo naweza kulionyesha kwa bantu," akasema taratibu, bila kuninyanyulia macho. "Naweza kusema, hapa hatuyue. Mustari wa uongo, ningepima juu yake miaka kumi na nisiyue."

"Nisamehe, Mira."

"Ngoja kwanza." Alikuwa ameanza kusoma fishi zangu. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, na nilihisi ile baridi ya digrii kumi na tisa ikinifikia hatimaye. Akasimama kwenye fishi ya nne. "Hapa, unapandisha bantu mita elfu moja na mia tatu, siku moja. Na beko tayari juu ya elfu tatu. Mwalimu, kule hewa ni kidogo. Kichwa kinauma, muntu anatapika, mapafu inajaa maji. Muntu anakufa. Kupanda vile inaomba siku tatu. Muntu mwenye alipita pale asingeandika hivi."

Nilimweleza juu ya kichuguu. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimegawa mlima sehemu sawa, kama muhula, na kwamba juu ya kichuguu cha Zacharie hewa ilikuwa nyingi sawa na chini. Nilikuwa nimepanga, kwa mwandiko mzuri na mistari ya rula, safari ambayo ingeweza kuua watu sita. Hilo halikuwamo hata katika fishi ya kumi na mbili.

"Na hii ni ya nani?" Mira alikuwa ameshika mchoro wa Zacharie, wenye maduara mekundu.

"Yangu," Zacharie akasema, akivaa kofia kwa wasiwasi. "Ya kupishana. Utupe tu."

"Papa Zacharie, hii natwaa. Ku barafu kamba iko moja, tuko makundi mbili, moja linapima na moja linashuka. Hakuna muntu aliniambia watangojea wapi."

Zacharie alinitazama kwa fahari. Tangu siku ile hajaacha kunitazama namna hiyo.

Mira alikunja ramani yake. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka nusu.

"Ile siku niliuliza sababu sikuamini, Mwalimu. Nilifikiri muntu wa Kamina hawezi kufika kule. Ukasema ndiyo. Nikasema, kama ule mwalimu yetu, mwenye anaogopa hata pikipiki, amefika, basi minyi pia." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kumbe minyi njo nitakuwa wa kwanza."

Alisema bila tabasamu. Hata hivyo niliona kwamba alisimama wima zaidi kidogo kuliko alivyoingia. Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikumfuata kuuliza. Salomé alinikaribia, nikavua kofia ya sufu ili kumrudishia, akaisukuma nyuma. "Bakia nayo, Mwalimu. Imeshafumwa. Nitamupa nani huku, na joto hii?"

Mwezi wa saba ulipita. Mwezi wa nane, Jumapili baada ya ibada, tulikuwa barazani, Mathilde, Zacharie na mimi, simu ilipolia kwa ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa Mira. Walikuwa wameshuka salama, wote sita. Walikuwa wamelala siku tatu mahali ambapo mimi nilikuwa nimewapa siku moja. Kwenye kamba walikuwa wamengojana penye duara jekundu la pili. "Mwalimu," sauti yake ikasema, ikiwa na mafua, "ulitufundisha ya kama saa sita barafu inalia kama mihogo mikavu. Nilikaa pale saa sita. Sikiliza."

Tulisogeza vichwa vyetu karibu na simu. Kulikuwa na upepo. Kisha, chini ya upepo, matone. Tone, tone, matone mawili, halafu mengi kwa pamoja, kisha mtiririko mwembamba usiokoma.

"Robinet," Mathilde akasema, akimaanisha bomba la maji. "Robinet mubovu."

"Ni maji tu," Zacharie akasema, akionekana kuonewa. "Iko inaisha."

Tulisikiliza tena mpaka mwisho. Kisha niliingia ndani, nikatoa katika sanduku la bati fishi ya mwaka 1986, ile ya mkaguzi, yenye muhuri wake uliofifia na nyongeza zangu za kila mwaka zilizojaa pembeni. Nilinuia kuinakili upya kwa ajili ya mwalimu kijana anayefundisha jiografia sasa, kwani bado anatumia nakala yake, mihogo mikavu na yote. Nilirudi nayo barazani pamoja na kalamu nyekundu, ambayo kwa miaka thelathini na sita niliitumia juu ya makosa ya wengine. Nilikata mihogo. Nilikata kamba, digrii zote na Joachim, ambaye mkono fulani ulikuwa umemwingiza pembeni kwa penseli. Zacharie alikana. Kisha nikafika kwenye nafasi ya Marudio, ambayo hata mwaka ule, sasa naona, nilikuwa nimeiacha tupu.

Nikaandika: *Mwalimu hajaiona barafu ya mlimani. Ameisikia, sekunde arobaini na moja.*

Mathilde alikuwa akisoma juu ya bega langu, ungo mkononi.

"Iko nafasi ingine pale chini," akasema. "Andika na Kinkondja."